Kamba ya Mafundo Matatu

Nyumba ya Viungo,
Tororo.
3 Oktoba 1955

Kwa Mama Taaka wa Lunyo, uliyelia getini kwetu Jumanne iliyopita,

Karani amenipa jina lako na mahali unakokaa. Mimi ni yule fundi mwenye mguu wa chuma aliyekukaripia unyamaze, kisha akakuletea maji. Usinichukie. Nilikuwa askari wa KAR miaka saba, na jeshini mtu hujifunza kupiga kelele kwanza, kufikiri baadaye. Naitwa Yokana Imalingat, Mteso, ninakaa upande wa Rubongi. Mguu wangu wa kushoto niliuacha Burma. Huu nilio nao nimeufua mwenyewe, na haulii ninapotembea. Chuma cha fundi mbaya hulia. Changu hakilii.

Nilifurahi kusikia Kiswahili chako, Kiswahili cha kambini kabisa. Ukaniambia baba yako naye alikuwa askari, ukakulia kambi ya Jinja. Basi tutaandikiana kwa hicho hicho, maana mimi Kisamia sikijui na wewe Kiteso hukijui, na Kiingereza tuwaachie wenyewe.

Sista alikueleza sheria ya hapa. Mtoto aliyepooza mguu huletwa, akalala miezi mitatu, mama akarudi nyumbani. Wewe ukasema baba yake amekwisha kuzikwa, umebaki na huyo mmoja, humwachi hata usiku mmoja. Nimefikiri juu ya hilo wiki nzima, na wala sikuombwa. Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Nitamfulia binti yako Dorcas chuma cha mguu bila kumwona. Nipe kipimo tu.

Chukua kamba ya katani. Mlaze mtoto chali. Shika mguu mbovu, siyo ule mzima. Funga fundo la kwanza penye kisigino, la pili katikati ya goti, la tatu juu pajani. Kamba nyingine izungushe penye shavu la mguu na penye paja, unipe unene. Kamba iguse ngozi. Usikisie hata kidogo, chuma hakijui huruma.

Ni mimi,
Y. Imalingat, fundi

*

Lunyo, kwa njia ya Busia.
18 Oktoba 1955

Afande Imalingat,

Shikamoo. Nimekuita afande kwa sababu ulinikaripia kama afande, na nilicheka njiani peke yangu nilipokumbuka, baada ya kulia kote kule.

Dorcas ana miaka saba. Homa ya kupooza ilimshika mwaka juzi, wakati wa kupanda mtama, na ilipoondoka iliondoka na mguu wa kulia. Anatambaa. Wageni wakija anakaa juu ya mguu huo aufiche, kisha anaongea sana ili wamtazame usoni. Shule iko ng'ambo ya kijito chetu. Mwalimu Okochi amesema mtoto yeyote atakayesimama mwenyewe kwenye mstari siku ya kufungua, Januari, atamwandika. Hasemi kwa ubaya. Anasema wa kumbeba hana. Tangu hapo Dorcas hanipi amani. Kila jua likichwa ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Nyumbani hapa tuko watatu tu, mimi, yeye na mama mkwe. Nilipoitoa kamba mama mkwe aliushika mkono wangu akanambia, "Taaka, hapa kwetu mutu napimwa kwa kamba siku moja tu, siku ya kuchimba. Nilimupima Egesa wangu kwa kamba. Huyu hapana." Egesa ndiye marehemu mume wangu. Mimi ni mtoto wa kambini, mambo hayo sikulelewa nayo, lakini mama yule hakuuachia mkono wangu mpaka nilipoiweka kamba chini.

Usijali. Kipimo nimekipata, kimo humu ndani ya bahasha. Kamba ina mchanga kidogo, ikung'ute.

Wako mwenye shukrani,
Taaka, mama Dorcas

*

Tororo.
2 Novemba 1955

Mama Dorcas,

Marahaba. Kamba zimefika, na mchanga wake umenijaa mezani kama vile mmempimia ziwani.

Nina maswali mawili. Fundo la goti liko chini sana kwa mtoto wa miaka saba. Nimelipima kwa watoto wa hapa, halilingani na hata mmoja. La pili, unene. Mguu uliopooza huwa mwembamba chini na mnene kidogo juu. Wa Dorcas uko sawasawa juu na chini kama mchi wa kutwangia! Nimecheka, lakini kicheko hakikumalizika vizuri.

Pima tena, mama. Au panda gari umlete asubuhi, mrudi jioni, Sista asijue.

Y. Imalingat

*

Lunyo.
14 Novemba 1955

Fundi Imalingat,

Kumleta siwezi. Pamba inavunwa, na mama mkwe amesikia kwamba nyumba yenu humeza watoto. Nikitoka naye hapa asubuhi, jioni sitakuta mlango wazi.

Mguu wa mwanangu naujua mimi niliyeuosha tangu akiwa mchanga. Kila mtoto na umbo lake. Fua kama kamba inavyosema, tafadhali, Januari haiko mbali.

Taaka

*

Tororo.
12 Desemba 1955

Mama Dorcas,

Haya, nimefua kama kamba inavyosema. Mama hasemwi na fundi. Tena juma lililopita Bwana D.C. wa wilaya alikuja kututembelea, na Sista alitaka vyuma kumi juu ya meza. Nilikuwa na tisa. Cha Dorcas kikawa cha kumi, na D.C. alikishika huku na huku akasema kazi safi. Mwambie Dorcas chuma chake kimesalimiana na serikali.

Anakileta Emong, dereva wa lori la duka, mtu wa kwetu, mwaminifu ila kwa pombe ya mtama. Mikanda ni ngozi ya mbuzi. Penye goti nimeweka bawaba, ili akikaa darasani mguu upinde kama wa wenzake. Siku za kwanza avae kidogo tu, muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni.

Na hili ulisome mara mbili. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Kwa chuma sivyo. Chuma kikiuma, kivuliwe. Ngozi ikiwa nyekundu, kivuliwe, uniandikie siku hiyo hiyo. Mimi nilivumilia chuma changu cha kwanza kule hospitali ya jeshi, nikakatwa mara ya pili, juu zaidi. Mtoto asiige ujinga wangu.

Heri ya Krismasi kwenu,
Y. Imalingat

*

Lunyo.
2 Januari 1956

Afande wetu,

Amesimama!

Alisimama siku ya Krismasi, tumetoka kanisani. Alishika ukuta, akauacha, akasema, "Mama, mimi narefuka." Kumbe tangu homa hakuwahi kujua urefu wake. Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama, ungo ukamponyoka, kuku wakala wote. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu.

Sasa anatembea toka mlangoni hadi jikoni hadi kwenye kibanda cha mbuzi. Chuma kinalia, kwii, kwii, hata tunamsikia kabla ya kumwona. Hawezi tena kudokoa karanga, anacheka mwenyewe. Usiku akilala nyumba inakuwa kimya, nami nangojea asubuhi nisikie tena.

Anakusalimu. Ameuliza kama mguu wako ulioachwa Burma ulizikwa vizuri.

Ni sisi,
Taaka na Dorcas

*

Tororo.
11 Januari 1956

Mama Dorcas,

Nimesoma barua yako kwa sauti karakanani, na mafundi wenzangu wawili wakaweka nyundo chini wasikilize. Mwambie Dorcas mguu wangu ulizikwa na padri wa Kizungu, kwa heshima zote, mimi mwenyewe sijui kama nitapata hizo.

Lakini nimekasirika. Chuma changu hakilii! Kipake mafuta ya simsim penye bawaba, asubuhi na jioni. Kikiendelea kulia baada ya mafuta, nijulishe. Na ngozi? Barua yako imejaa furaha lakini ngozi hukuitaja. Chini ya goti pakoje? Mficha uchi hazai, mama. Niambie kama palivyo.

Y. Imalingat

*

Lunyo.
30 Januari 1956

Fundi Imalingat,

Mafuta tunapaka. Bado kinalia kidogo, lakini tumezoea.

Shule imefunguliwa juma lililopita. Dorcas alivuka kijito juu ya mawe, mimi mbele nikimpa mkono, kisha akasema nirudi, nisionekane. Nilijificha kwenye mtama. Alisimama kwenye mstari, mkono mmoja begani kwa msichana wa jirani, na mwalimu Okochi alipofika kwake alimtazama miguu, akamtazama uso, akaandika jina. Dorcas Egesa. Leo ni siku yake ya sita. Anajua a, e, i, o, u, na anadai kwamba yeye ndiye aliyezianza.

Hajambo. Ngozi haina neno. Ila kama una kipande cha ngozi laini kuliko hii ya mbuzi, mpe Emong, cha kuweka chini ya goti. Si kwa sababu mbaya.

Taaka

*

Tororo.
9 Februari 1956

Mama Dorcas,

Emong amefika jana usiku. Nilimwuliza habari za Dorcas kwa furaha, akatazama chini. Akasema, "Huyo mtoto natembea wapi, afande? Nimeona mama yake nambeba kwa mgongo, naenda naye dispensari. Chuma nashika kwa mkono."

Kwa nini hukuniandikia? Ngozi laini umeiomba ya nini? Nilijua, nilipoisoma barua ile nilijua.

Sikukawia. Asubuhi hii nimeingia kwa Sista, nikamwambia yote, kwamba nilifua chuma kwa siri bila kumwona mtoto. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akauliza kwa nini mama huyo hakumleta. Nikamwambia hawezi kuachana na mtoto. Sista akasema, "Basi alale naye hapa. Mkeka mmoja haujazi nyumba." Hivyo tu, Mama Dorcas. Miezi yote minne ilikuwa ni kuuliza tu, na mimi askari sikuthubutu kuuliza.

Mlete. Lori la Emong linarudi Jumatatu, atapita mlangoni kwako. Chumba ni chenu wawili. Mlete, na kamba tutaitupa, nitampima kwa mikono yangu.

Yokana

*

Lunyo.
4 Machi 1956

Kaka Yokana,

Barua yako ilifika matanga yakiwa siku ya tano. Dorcas alituacha Jumatano tarehe nane, jua likipanda. Ulipokuwa unamwomba Sista chumba, sisi tulikwisha kuzika.

Niliomba nguvu ya kukuandikia, nimeipata leo, sijui kama ya kesho ningeipata. Nisikilize mpaka mwisho.

Kamba ile haikumgusa.

Niliona hofu ya mama mkwe ikaniingia. Mimi niliyejidai mtoto wa kambini. Nilikumbuka kamba juu ya Egesa, nikashindwa kuinyosha juu ya mwanangu akiwa anapumua. Nikampeleka kijitoni penye mchanga laini uliooshwa na mvua. Nikamlaza chali, nikaukandamiza mguu kidogo, nikamwinua. Mguu ukabaki umechorwa mchangani. Nikapima ile alama. Dorcas alicheka, alidhani ni mchezo, akaniomba nimpime na mkono. Goti halikuonekana vizuri mchangani, nikafunga fundo pale nilipodhani. Unene mchanga haukunipa, nikazungusha kamba kwenye mchi. Kaka, ulipoandika neno mchi nilitupa barua chini kana kwamba umeniona.

Nilifikiri nimeyadanganya mauti. Nimekidanganya chuma tu.

Jeraha lilianza wiki ya tatu, chini ya goti, pale bawaba inapokwenda na kurudi. Nikaona wekundu. Maneno yako nilikuwa nayo, niliyasoma mara mbili kama ulivyoagiza. Nilishika kalamu. Dorcas akanishika mkono, akasema, "Mama, usimwandikie fundi, atakichukua." Nami niliogopa ungeuliza nilivyopima. Tukakubaliana wawili, mtu mzima na mtoto. Nilifunga jeraha kwa pamba ya shambani kwetu, tukangoja lipone. Darasani alikuwa anakaa juu ya ule mguu, kama zamani alivyowaficha wageni, na mwalimu hakujua.

Siku ya saba ya shule hakuweza kukanyaga. Mganga wa dispensari alilisafisha jeraha, akatutuma nyumbani. Jumapili taya likafunga. Tukarudi kwake, akasema pepopunda, akasema tumechelewa. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Mdomo haukufunguka tena, lakini alikuwa ananitazama.

Mzee wa ukoo alipotaka kipimo cha kaburi, mama mkwe aliitoa kamba akanipa mimi. Nikampima. Nilianza kisigino, nikafunga fundo. Goti, fundo. Paja, fundo. Mama mkwe aliona ninafunga mafundo yasiyo ya kaburi, hakunizuia. Kisha nikaendelea mpaka utosini.

Baada ya maziko niliikata penye fundo la tatu. Ndiyo hii nakuletea. Hii imegusa ngozi. Haina mchanga.

Nakurudishia na chuma cha kwanza; nifulie cha kamba hii, kaka. Najua hakina wa kukivaa. Nataka kujua tofauti ilikuwa kiasi gani.

Taaka

*

Tororo.
21 Machi 1956

Dada yangu Taaka,

Pole haitoshi, sina nyingine. Nimelia mbele ya watu, mtu mzima, na sikujificha.

Umejibebesha mzigo peke yako, nami sikubali, nusu ni yangu. Niliona mchanga. Niliona mchi. Nilijua goti halikai pale, mikono yangu hii imeshika mamia ya magoti. Ningeweza kuweka kamba ile kando, nikapanda lori la Emong, nikafika kwako kwa siku moja. Lakini meza ilikuwa na vyuma tisa, na D.C. alikuwa njiani, nami nilitaka kumi. Na uliponiandikia kwamba chuma kinalia, hapo tena nilijua. Bawaba hulia goti likiwa mahali pengine, inasokotwa kila hatua. Kila fundi wa hapa anajua hilo. Nikakuambia upake mafuta, kwa sababu nilijisifu kwako kwamba changu hakilii.

Sikuombi unisamehe. Nimekueleza ili ukihesabu makosa usikose kuhesabu na haya.

Chuma nimekifua. Sista aliniruhusu, akakaa karakanani mpaka nilipomaliza. Umeuliza tofauti, na ningependa kukudanganya, lakini sisi wawili tumekwisha kuona uongo unavyofanya. Nimevilaza viwili sambamba. Ni vidole viwili, Taaka. Vidole viwili tu, goti mpaka goti.

Kamba nyingine hapa hazipokelewi tena. Kina mama sasa wanalala na watoto wao, mikeka sita. Yumo mama aitwaye Athieno na bintiye kutoka ng'ambo ya reli, anaimba usiku, hatulali. Sista alitaka kuweka tangazo la habari hiyo kanisani Lunyo, nikamwambia angoje mpaka wewe mwenyewe useme.

Kaka yako,
Yokana

*

Lunyo.
15 Aprili 1956

Kaka Yokana,

Emong amekileta. Alivua kofia akakaa uani, hata maji hakunywa.

Mama mkwe ndiye aliyekipokea, kwa mikono miwili. Aliingia nacho ndani, akakilaza kwenye mkeka wa Dorcas, akakinyosha vizuri, kisigino chini. Akaniuliza, "Napinda?" Nikakipinda penye goti. Kilipinda, kikarudi. Akasema nirudie. Nikarudia. Alikuwa ametega sikio.

"Hii hapana lia," alisema.

Nikamwambia ndiyo, hiki hakilii.

Makosa yako nimeyasoma. Nimeyaweka pamoja na yangu, sijui ya nani ni mengi, na siku hizi sihesabu sana. Mwambie Sista aweke tangazo. Jina la Dorcas litajwe, lisomwe lote kama mwalimu alivyoliandika.

Ninaandika nikiwa mlangoni. Ni asubuhi, watoto wanapita kwenda shule, wanavuka mawe yale yale. Mama mkwe ameacha kupepeta, anasikiliza, nami nasikiliza. Wote wanatembea kimya.

Taaka